Guka Kuria na Maneno ya Jirani

Kangemi, 4 Februari 2024

Wamucii, mjukuu wangu, bibi yangu mdogo,

Hii barua inatoka kwa mwanaume mwenye sura nzuri kushinda wote Kangemi, na si mimi nimesema, ni kioo. Niko mzima. Miguu inasimama, na meno ile imebaki inatafuna. Ile kuku nyekundu ya cucu, nyanya yako, imekataa kuzeeka, nafikiri inangoja nife ndio irithi hii ploti. Vyumba zote ziko na watu. Ile ya nyuma nimewekea mabati mpya huko sakafuni, sasa mvua ikuje ione aibu. Kaburi ya mama yako na ya cucu nimezipalilia, ziko safi kama kanisa.

Utauliza kwa nini barua na simu iko. Simu iliingia maji. Na hata ingekuwa kavu, barua ndio heshima. Huyu mpangaji wangu Dalmas si ni askari wa geti hapo kwa ofisi yenu? Basi niko na posta yangu mwenyewe, na inatembea na rungu.

Juzi nilienda Uthiru kuongea kwa ruracio, kupeleka mahari ya kijana ya Waithaka. Unajua upande hii hakuna mtu ameoa bila huu mdomo yangu. Shule mimi niliiona kwa nje nikichunga ng'ombe, na kusoma nilifunzwa na Biblia tu, lakini wale wa digrii wakitaka msichana wa watu wanakuja kwa Kuria wakiwa wameinama. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi ya kuua, nikavua koti ndio nisigande, nikaenda. Walinipokea kama gavana.

Sasa neno yenyewe. Unakumbuka Kitavi, yule rafiki yangu Mkamba wa kushona viatu hapo sokoni? Amepatwa na kitu. Anataka kusema kijiko, anasema uma. Anataka kusema jana, anasema kesho. Si pombe. Neno inatoka mbio, na sauti ya kiume, lakini si ile alikuwa ameita. Ni kama unabisha kwa mlango yako na mwenye anafungua ni jirani.

Wewe ulinieleza huko kazini mnafunza kompyuta kujua maneno gani ni ndugu na gani haziongeleshani. Basi iulize, kwa ajili ya Kitavi: hiyo kitu inatibiwa?

Uliza pole pole, na usitaje jina. Anaona haya.

Ni mimi, sura nzuri,
Guka Kuria


Hurlingham, 21 Februari 2024

Guka wangu,

Sasa? Dalmas alinipatia barua mbele ya bosi, akapiga saluti, ofisi yote ikacheka. Mimi niko poa. Jeremy anakusalimia sana, anasema anajua wewe ndio bwana wangu wa kwanza na anakuja kukunyang'anya kwa adabu. Tumeelewana tarehe ya ruracio: watu wa Ajwang, wa kwao Jeremy, watakuja kwetu Jumamosi, tarehe kumi mwezi wa nane. Mjomba wake anaitwa Zedekiah ndiye atawaongelea. Ni mwalimu mstaafu, anapenda kuongea. Kwa upande wetu sijauliza ataongea nani, kwa sababu ukisikia nimeuliza utanichapa.

Kazi iko hivi. Naketi, kwa skrini yanakuja maneno mawili. Kikombe, sahani. Nabonyeza: ni jamaa, ama ni kinyume, ama moja ni aina ya nyingine, ama hazijuani kabisa. Yakitoka yanakuja mengine. Siku mzima. Kompyuta yenyewe haijawahi kushika kikombe, Guka. Inajua tu kwamba mahali watu wameandika kikombe, chai haiko mbali. Inajua neno kwa majirani yake. Ikikosea, sisi tunaikosoa, inarudia.

Lakini si daktari. Mwambie Kitavi aende hospitali, aende mapema. Hii ilianza lini? Na anakosea maneno gani mengine? Niandikie hata yale unaona ni madogo.

Na wewe Guka, baridi bado iko. Uvae koti.

Mjukuu wako,
Wamucii


Kangemi, 17 Machi 2024

Wamucii, mwenye maswali kama polisi,

Tumeamka. Kuku imeamka kabla yetu, ikatutukana. Mjomba yako Ndegwa alipitia hapa na sukari, akakaa kidogo, akaenda. Siku hizi anaongea na mimi kwa sauti ya juu kama mimi ni kiziwi. Nikamwambia masikio ni yangu na yanafanya kazi.

Kuhusu koti, mimi nilikuandikia barua, sikuandika mtihani. Hakuna mahali nimeomba kusahihishwa.

Lakini juu ya Kitavi nitakueleza, ucheke. Kule Uthiru nilikuwa naye. Nikasema wacha nipumzishe mdomo, nimpatie Kitavi aongee kidogo. Akasimama. Unajua vile tunasema: tumeona ua hapa kwenu, tumekuja kuliomba, tukalipande kwetu. Kitavi akatoa kifua, akasema, "Tumeona ua hapa kwenu, tumekuja kuliomba, tukalizike kwetu."

Wamucii, hata nzi ziliketi.

Halafu mzee mmoja wa upande ile ingine akapiga meza. "Huyu ni mzito! Hata mbegu, si inazikwa kwanza?" Wakaanza kupiga makofi, wanaambiana, huyu ni mzito, huyu ni mzito. Kwa sababu kwa ruracio hakuna mtu anaambia msemaji amekosea. Akisema upuzi, watu wanautafutia maana mpaka waupate. Ndio raha ya hiyo kazi.

Kitavi akachangamka, akaendelea. Akataka kushukuru mama ya msichana. Akamwita mjane. Na bwana yake ameketi hapo hapo na mfupa mdomoni! Hapo walitafuta maana, wakaikosa. Mzee akatoa mfupa, akauweka kwa sahani, akauliza, "Nimekufa lini?" Tukatozwa mbuzi ya kuomba msamaha.

Mimi nilikuwa huko nyuma nikicheka mpaka machozi. Kitavi hakucheka. Alipitia njia ya mto akirudi ndio asikutane na watu. Na tangu siku hiyo hajaitwa mahali. Alikuwa anaitwa kila Jumamosi, Wamucii. Sasa akisikia mtu anabisha anajifanya amelala.

Hiyo kompyuta ikikosea mnaikosoa inarudia, si ni hivyo ulisema? Inarudia mara ngapi ndio ishike?

Nijibu haraka. Kitavi anauliza.

Guka Kuria


Hurlingham, 3 Aprili 2024

Guka,

Huku tuko salama. Mvua imeanza, paa ya ofisi inavuja juu ya meza ya Debra, tunaketi wawili kwa meza moja.

Sitaenda mbali. Jumamosi nilikuwa Kangemi sokoni. Nilimwona Kitavi. Alinishonea viatu, akaniongelesha hadi gundi ikakauka, na hakukosea hata neno moja. Uthiru hajawahi kuenda kuongelea mtu. Alicheka, akaniuliza mtu wa kushona viatu Mkamba ataongelea nani kwa ruracio ya Wakikuyu. Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza, "Mzee Kuria ako aje siku hizi? Mbona hatoki?"

Guka, mabati haiwekwi sakafuni. Na baridi ikija, mtu havui koti ndio asigande. Hiyo ndio kazi yangu kutwa, kuona neno imekaa kwa kiti ya jirani. Niliona kwa barua ya kwanza. Nikakaa nayo. Nikajifanya tunaongea juu ya Kitavi kwa sababu wewe pia ulikuwa unataka tufanye hivyo.

Kitu kingine. Siku hiyo ya sokoni nilikuwa hatua chache kutoka kwa mlango wako na sikuingia. Ulinilea tangu mama aende, sijawahi kupita hiyo mlango. Lakini niliogopa. Kwa karatasi naweza kusema mzee ameandika haraka. Nikikusikia na masikio yangu, basi itakuwa ni kweli.

Kuna daktari wa mambo ya ubongo. Nimeshaongea naye. Niambie nije lini nikuchukue. Tafadhali.

Wamucii


Kangemi, 30 Mei 2024

Wamucii,

Sikukusalimia kwa sababu nimekasirika. Sasa nimeshakusalimia.

Barua yako nilitupia kuku. Ikaikataa. Nikaiokota. Dalmas amekuwa akiniuliza kila siku kama kuna kitu ya kubeba na mimi namfukuza. Mvua ilileta maji mpaka kwa mlango, na ikaenda, na bado sikukujibu.

Simu haikuingia maji. Iko hapa, inalia, naiangalia. Kwa simu lazima mtu ajibu saa hiyo hiyo. Kwa barua naweza kuketi na neno moja mpaka jioni, naiangalia, nauliza wewe ni wewe kweli ama ni ndugu yako? Hii barua nimeandika kwa wiki. Najua bado kuna mahali nimekosea na sipaoni. Hiyo ndio inaniua. Sipaoni.

Nilikuwa nikiingia mahali watu wananyamaza. Si kwa pesa, si kwa shamba, ni kwa mdomo tu. Sina kitu ingine. Ukinitoa mdomo unabaki na mzee na kuku.

Kwa hivyo naomba, na mimi siombi watu, unajua. Hiyo kompyuta ilikuja duniani juzi. Haina mama. Haijaoza jino. Na mmeketi nayo watu wengi, siku mzima, mnaiambia pole pole, hapana, si hivyo, jaribu tena. Mimi nani ameketi na mimi? Nifunze. Leta hizo maneno mbili mbili, nitabonyeza. Nitaamka mapema. Nitakuwa mwanafunzi mzuri, shule sikuwahi kuichafua.

Nitaenda kwa huyo daktari. Lakini watu wa Ajwang wasijue.

Kuria


Hurlingham, 16 Juni 2024

Guka wangu,

Natumai umefika, umekula, na kuku imekusamehe kuchelewa. Ulinichekesha hospitali, ukamwambia daktari ako na mkono laini kama wa mtu anaficha kitu.

Ulisema nikuandikie maneno yake ndio usome ukiwa peke yako. Basi ni haya. Mahali ya kichwa inaweka maneno inakauka. Si laana, si uvivu, si uzee wa kawaida. Inakauka pole pole. Dawa ya kuirudisha hakuna. Mazoezi yanasaidia kidogo, yanachelewesha. Hayazuii. Nilimuuliza mara mbili ukiwa umetoka nje. Akajibu vile vile.

Nitakuja kila Jumapili na maneno yangu mawili mawili. Tutayafanya. Lakini sitakudanganya kwamba wewe utafunzika kama kompyuta. Yenyewe inaongeza. Sisi tutakuwa tunashikilia.

Wacha nikwambie kitu ya kazini. Unajua neno gani zinaisumbua kompyuta zaidi? Si zile ngumu. Ni kinyume. Moto na baridi. Nunua na uza. Funga na fungua. Kwa sababu zinaketi mahali pamoja: mlango unafungwa, mlango unafunguliwa. Chai inanywewa, chai inamwagika. Kompyuta ikiangalia majirani, inaona ni wale wale, inasema hawa ni ndugu mapacha. Inachukua moja, inaweka pahali pa ingine, na haishtuki. Kwa hiyo, Guka, ukivua koti kwa baridi, hujawa mjinga. Neno yako haijapotea mbali. Iko mlango wa pili, na mimi hiyo njia naijua.

Sasa jambo moja, usinigombeze. Tarehe kumi, wacha mjomba Ndegwa aongee. Wewe uketi katikati, uvae kofia, watu wakuheshimu.

Ni mimi,
Wamucii


Kangemi, 14 Agosti 2024

Wamucii, bibi yangu niliyenyang'anywa,

Salamu ni nyingi mpaka Dalmas amelalamika barua ni nzito. Huku watu bado wanashiba. Kuku nyekundu iliponea, nilisimama mlangoni na fimbo.

Wewe ulitaka Ndegwa aongee. Ndegwa! Huyo akiomba maji kwa hoteli wanamletea bili ya mtu mwingine. Mimi nikanyamaza, nikavaa kofia, nikangoja mmeketi wote, nikasimama. Mngenikalisha aje mbele ya wageni?

Umeniona mwenyewe, lakini wacha nikusimulie vizuri, kwa sababu wewe ulikuwa ndani na wanawake hujaona mwanzo. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu kama wimbo, kila moja na mlango yake. Huyo Zedekiah akaongea, akaongea, mwalimu kweli, nikaona kivuli ya mti imehama na yeye bado anasalimia. Nikamjibu. Sikukosea! Nikamwambia ukitaka kuvuka daraja yangu lazima uvue viatu, na mwalimu mzima akavua. Watu wakaanguka. Nikaona nimerudi. Wamucii, nikasema moyoni, daktari na mkono yake laini ajinyonge.

Halafu wakaleta muratina, ile pombe ya kienyeji. Nikashika pembe ya kunywea. Ukaitwa. Ukakuja ukasimama mbele yangu na hiyo kitambaa ya cucu yako. Hiyo swali ni ndogo, hata mtoto anaijua: msichana, hii pombe ya watu hawa tukunywe? Ukisema ndiyo, umeolewa. Ukisema hapana, warudi kwao.

Nikauliza. Na nikaona nyuso.

Zedekiah akaacha mdomo wazi. Mama ya Jeremy akashika mkoba kama mtu anataka kuondoka. Ndegwa akasimama nusu. Nikaangalia pembe, nikafikiri kuna nzi ndani. Wewe peke yako hukushtuka. Uliniangalia machoni, ukasema polepole, ndio kila mtu asikie: "Kunywa, Guka."

Nikakunywa. Makofi yakaanza. Baadaye Zedekiah alinishika mkono akaniambia hajawahi kuona mzee mkali hivyo, anamgeuzia msichana swali juu chini ndio ajue kama moyo wake umesimama. Ati hiyo ni hekima ya Wakikuyu, atawaelezea watu wa kwao. Basi mimi sasa najulikana mpaka huko kwao ziwani.

Hiyo ni ya watu. Hii ni yako.

Ni Ndegwa aliniambia jioni kile nilisema. Nilisema, "Wamucii, hii pombe ya watu hawa tumwage?" Mimi sikusikia hivyo. Mpaka leo nikijikumbuka najisikia nikisema tukunywe. Masikio yangu yenyewe yananidanganya, yako upande ya mdomo. Ungejibu swali ile niliuliza, useme tu ndiyo kama wasichana wote, ningekuvunjia ndoa na mikono yangu na ningekuwa natabasamu.

Naogopa, Wamucii. Sijawahi kuandika hiyo neno. Nimeiangalia sana, ni yenyewe.

Usiache kuja Jumapili.

Kuria


Kangemi, 10 Novemba 2024

Kwa Nyawira, msichana wangu,

Natumai uko mzima huko uliko. Sisi tuko sawa. Kuku iko sawa. Kumejaa jua, watu wanatembea na miavuli na matope ni mingi.

Mtoto yako Wamucii hana shida. Anakula, anasoma, ni mjanja, mwalimu anamsifu. Anakuuliza sana. Mimi namwambia mama yuko kazini, atakuja. Kila Jumapili kuna mwanamke mzuri anakuja hapa na maneno yake mawili mawili, tunafanya, ananicheka, namcheka. Nilimuuliza kama anakujua. Akasema anakujua.

Nyawira, kuja umwone mtoto. Mimi nimechoka kidogo. Mdomo bado uko, lakini nauma, nauma na hakuna kitu ndani.

Baba yako


Hurlingham, 13 Novemba 2024

Guka,

Habari ya huko? Hapa kuna jua pia, ile ya miavuli.

Barua yako Dalmas alinipatia bila saluti. Aliona jina juu, akasita, akauliza kama airudishe. Nikamwambia hapana, ni yangu. Nimeisoma kwa choo ya ofisi ndio Debra asinione.

Mtoto ako sawa. Amekula, amekua, karibu anaolewa kanisani, na mwenye atamshika mkono ni wewe. Asante kwa vile umemlea.

Hujakosea mbali. Mama yangu na mimi tuko mlango na mlango. Jumapili nitabisha kama kawaida. Utauliza ni nani, na mimi sitajibu haraka. Nitasimama hapo nje na kuku yako. Wewe ita tu. Ita Nyawira, ita cucu, ita hata Ndegwa. Jina yenye itatoka, hiyo ndio nitaitika.

Wamucii